CD ya gari ikigoma, usikimbilie bisibisi

ILIKUWA asubuhi ya Jumamosi na gari lilikuwa likitoka mjini Kisumu kuelekea Bondo. Ndani yake walikuwamo ndugu watatu wa nyumba moja, na kwenye redio ilikuwa ikicheza CD ambayo nakala yake haikuwepo kwingineko: sauti ya marehemu baba yao, aliyerekodiwa miaka kadhaa kabla ya kifo chake akiwasimulia wajukuu asili ya ukoo na jinsi wazee wa zamani walivyovua samaki katika ufuo wa Usenge.

Walipofika Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, sauti ilianza kurukaruka. Kufikia Holo ilikuwa imenyamaza kabisa, na kwenye kioo cha redio palikuwa na neno moja tu: "ERROR". Kitufe cha kutolea CD kilibonyezwa mara kumi na zaidi. CD haikutoka.

Mmoja wa ndugu hao ndiye mwandishi wa makala haya, na kosa alilolifanya baadaye ndilo lililomsukuma kuyaandika. Alilipeleka gari kwa fundi wa kwanza aliyemwona. Fundi huyo, bila ya kuuliza swali hata moja, alichomeka kisu cha mezani katika mwanya wa redio na kuivuta CD kwa nguvu. CD ilitoka, lakini ikiwa na mkwaruzo mrefu karibu na ukingo, upande ule wenye maandishi. Kisha fundi akatangaza kwamba redio imekufa na kwamba alikuwa na nyingine ya kuuza.

Redio haikuwa imekufa. Fundi wa pili, mzee wa jua kali katika viunga vya soko la Kibuye, aliifungua kwa utaratibu, akaipangusa lenzi yake kwa kijiti cha pamba, akaifunga, nayo ikaimba. Hata hivyo, simulizi ya mzee wetu hukatika hadi leo kabla ya kufika mwisho. Dakika zile za mwisho hazitapatikana tena.

Funzo ni kwamba mashine nyingi za CD zinazodaiwa kuwa zimekufa zimechafuka tu, au zimepata joto, au zimelishwa CD isiyofaa. Aidha, madhara makubwa mara nyingi huletwa na tiba wala si ugonjwa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua chanzo cha hitilafu, jinsi ya kusafisha bila ya kuharibu, na wakati ambapo inafaa kumwachia fundi.

Kwa nini CD bado ina nafasi

Huenda msomaji akauliza ni nani bado anasikiliza CD katika zama hizi za simu na flashi. Jawabu liko barabarani. Sehemu kubwa ya magari yanayoendeshwa nchini yaliingizwa yakiwa yametumika nchini Japani, na sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa gari lisilozidi umri wa miaka minane. Mengi ya magari hayo yalikuja na redio zenye mwanya wa CD, na yangali yakihudumu miaka mingi baada ya kuingia.

Redio hizo zina kasoro inayojulikana na kila aliyenunua gari la aina hiyo. Nchini Japani, masafa ya FM kwa muda mrefu yalianzia megahezi 76 hadi 90, ilhali hapa kwetu stesheni hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio iliyotengenezewa soko la Japani haiwezi kuinasa Radio Lake Victoria katika 92.1, wala Ramogi FM katika 107.1, mpaka ifungwe kifaa cha kushusha masafa. Kifaa kinachoshusha kwa megahezi 18, kwa mfano, huifanya stesheni ya 107.1 isikike kwenye 89.1. Asiye na kifaa hicho, na ambaye redio yake haina tundu la flashi, hubakiwa na CD pekee.

Isitoshe, kuna muziki na sauti ambazo makao yake ni CD. Nyimbo nyingi za benga zilitoka kwanza kwenye santuri na kanda, kisha zikanakiliwa kwenye CD katika vibanda vya mijini. Mpenzi wa D.O. Misiani, aliyefariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 2006, au wa Musa Juma, aliyeaga dunia mwaka wa 2011, huenda ana mkusanyiko ambao hakuna aliyewahi kuuweka kwenye intaneti. Zaidi ya hayo kuna rekodi za harusi, mahubiri, kwaya na mazishi, ambazo kila familia inazo zake.

Mashine inavyosoma

Asiyejua jinsi kitu kinavyofanya kazi hukisafisha mahali pasipofaa. Kwa hivyo tuanze na msingi.

CD iliingia sokoni nchini Japani mnamo Oktoba 1982, ikiwa ni matunda ya ushirikiano wa kampuni za Philips na Sony. Ni kisahani cha plastiki ngumu chenye upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Muziki umeandikwa kama vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mstari mmoja unaojizungusha mfano wa gamba la konokono. Mizunguko ya mstari huo imekaribiana kiasi kwamba takriban 40 kati yake ingeenea katika upana wa unywele mmoja wa binadamu.

Mambo mawili hapa yanafaa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba CD husomwa kuanzia katikati kuelekea ukingoni, kinyume cha santuri. Wimbo wa kwanza uko karibu na tundu la katikati, na kadiri rekodi inavyokuwa ndefu ndivyo mwisho wake unavyokaribia ukingo. La pili ni kwamba vishimo hivyo, pamoja na utando wa metali unaoakisi mwanga, haviko upande ule unaong'aa. Viko juu kabisa, chini tu ya rangi na maandishi, na kinachovikinga upande huo ni utando mwembamba wa vanishi.

Watu wengi huulinda upande unaong'aa na kuudharau ule wenye maandishi. Ukweli ni kinyume. Mkwaruzo mdogo upande unaong'aa umo katika plastiki nene na mara nyingi mashine huuvumilia, ilhali mkwaruzo upande wa maandishi huweza kung'oa utando wenyewe ulio na sauti. Kile kisu cha mezani kilipita upande wa maandishi, tena ukingoni, na rekodi ya mzee ilikuwa ndefu ya zaidi ya saa nzima. Ndiyo sababu mwanzo wake ulisalimika na mwisho wake ukapotea.

Ndani ya redio kuna injini ndogo inayoizungusha CD, takriban mara 500 kwa dakika inaposoma karibu na katikati na takriban mara 200 inapofika ukingoni. Chini yake husafiri kichwa chenye leza na lenzi ndogo. Leza hutuma mwanga mwekundu usioonekana kwa macho, lenzi huukusanya juu ya vishimo, na mwanga unaorudi ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Lenzi ikifunikwa na vumbi au ukungu, mwanga unaorudi hufifia na mashine huanza kubahatisha.

CD imeandaliwa kustahimili makosa. Taarifa zake zimetawanywa na kuongezewa hesabu za ziada, kiasi kwamba mashine huweza kujaza pengo la takriban milimita 2.5 la mstari bila ya msikilizaji kutambua. Kwa hiyo sauti inapoanza kurukaruka, hiyo si dalili ya kwanza ya uchafu. Ni dalili kwamba uwezo wa mashine wa kuvumilia umefika kikomo.

Je, mgonjwa ni CD au redio?

Hili ndilo swali la kwanza, na kulijibu hakuhitaji kifaa chochote. Tafuta CD halisi ya kiwandani, isiyo na mikwaruzo, na uiweke. Ikicheza vyema tangu mwanzo hadi mwisho, redio yako ni nzima na kosa liko katika ile CD nyingine. Ikikataa nayo, basi peleka shaka yako kwenye mashine.

Iwapo CD za kiwandani zinacheza lakini zile zilizochomwa kwenye tarakilishi zinakataa, usishangae. CD ya kuchoma haina vishimo vya kweli. Ina rangi maalumu iliyounguzwa na leza, na rangi hiyo hudhoofishwa na jua na joto. Zile zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya huakisi mwanga kidogo zaidi, na redio nyingi za zamani haziwezi kuzisoma hata zikiwa mpya. Vilevile, redio ya zamani huenda isielewe nyimbo zilizobanwa kwa mfumo wa MP3. Itaonyesha kosa ilhali hakuna kilichoharibika. Hali kadhalika, CD ambayo aliyeichoma hakuifunga rasmi baada ya kuiandika inaweza kucheza kwenye tarakilishi na kukataa kwenye gari.

Iwapo sauti hurukaruka gari linapopita matuta tu, na hutulia kwenye lami laini, huenda tatizo ni mtikisiko. Kagua kama redio imefungwa imara ndani ya dashibodi. Redio nyingi zilizobadilishwa na mafundi wa kando ya barabara hushikwa na skrubu mbili za mbele pekee, na nyuma zinaning'inia.

Iwapo CD hucheza asubuhi na kugoma mchana, mshuku joto. Katika magari mengi ya Toyota, neno "WAIT" likijitokeza kwenye kioo maana yake ni kwamba mashine imepata joto kupita kiasi na imejizima ili ijikinge. Tiba yake ni subira: toa CD, fungua madirisha, na uiache redio ipoe.

Iwapo kioo hakiwaki kabisa, tatizo si la CD bali ni la umeme. Hilo tutalifikia hapa chini.

Hali ya ziwani

Mazingira ya Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria yana changamoto zake, na anayeyaelewa hupunguza safari za kwa fundi.

Adui wa kwanza ni jua. Gari lililoegeshwa juani madirisha yakiwa yamefungwa huweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi juu ya dashibodi. CD iliyoachwa hapo hujipinda kidogo, nayo iliyopinda hukwama katika mwanya mwembamba wa redio. Zile zilizobandikwa karatasi yenye jina ndizo hatari zaidi, kwani gundi hulainika, karatasi ikachomoka pembeni na kunasa ndani ya mashine.

Adui wa pili ni unyevu. Gari lililokesha katika baridi ya Kericho kisha likateremka alfajiri kupitia Awasi na Ahero huingia katika hewa yenye joto na unyevu wa ziwa huku vyuma vyake vya ndani vingali baridi. Ukungu hutanda juu ya lenzi kama unavyotanda kwenye miwani ya mtu atokaye nje penye baridi na kuingia jikoni. Mashine hukataa CD zote kwa muda. Hakuna haja ya kufungua chochote. Toa CD, subiri kama saa moja, ukungu utakauka wenyewe.

Adui wa tatu ni vumbi na vijidudu. Barabara za changarawe za Seme, Nyakach na nyanda za Kano hutoa vumbi jembamba wakati wa kiangazi, nalo hupenya kila penye nafasi. Aidha, wakaaji wa ufuoni wanawafahamu wale vijidudu vya ziwani wanaopaa kwa makundi mithili ya moshi juu ya maji na kuvamia kila penye mwanga jioni. Anayeegesha gari Dunga au Usenge jioni, madirisha wazi na taa za ndani zikiwaka, anawakaribisha hadi ndani ya dashibodi.

Adui wa nne ni sisi wenyewe. Baadhi ya waosha magari hupuliza dashibodi kwa pampu ya hewa yenye nguvu. Hewa hiyo mara nyingi huwa na matone ya maji na mafuta ya pampu, na ikielekezwa kwenye mwanya wa CD hupeleka uchafu ndani kabisa na huweza kuing'oa lenzi katika vishikizo vyake dhaifu. Mwombe anayekuoshea gari asiuguse mwanya huo.

Kusafisha CD

Kabla ya kuisafisha mashine, safisha CD. Ishike kwa ukingo na tundu la katikati bila ya kuugusa uso wake. Kwanza pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kama kile cha kufutia miwani. Shati, karatasi ya msalani na gazeti havifai, maana vina nyuzi zinazokwaruza.

Pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Sababu yake imo katika yale tuliyoyaeleza kuhusu mstari wa sauti. Mkwaruzo unaokata mstari huo kama njia panda huugusa kila mzunguko kwa kitambo kidogo tu, na mashine hujaza pengo. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta kipande kirefu cha mstari huohuo, na hapo hesabu za mashine hushindwa.

Kama kuna mafuta ya vidole au soda iliyomwagika, tumia maji safi ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza, kisha kausha kwa kitambaa hichohicho laini. Kamwe usitumie petroli, thina, asetoni wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Vimiminika hivyo huila plastiki na kuifanya iwe na ukungu wa kudumu.

Wapo wanaopaka dawa ya meno ili kuondoa mikwaruzo. Ni kweli kwamba chembe zake huweza kulainisha mkwaruzo wa juujuu, lakini chembe hizohizo huacha mikwaruzo mingine midogo. Kwa CD ya muziki unaoweza kununuliwa tena, jaribu ukitaka. Kwa CD ambayo haina nakala, usithubutu.

Kusafisha lenzi

Ikiwa CD halisi na safi bado inarukaruka, hatua inayofuata ni lenzi. Njia nyepesi ni CD maalumu ya kusafishia, yenye vibrashi vidogo sana upande wa chini. Huwekwa kama CD nyingine, nayo mashine inapoizungusha vibrashi hupita juu ya lenzi. Soma maelezo yake kwanza, kwani si zote zinazofaa redio za gari ambazo humeza CD kupitia mwanya. Kama inahitaji kimiminika, tumia kile kilichokuja nayo, kwa kiasi kilichoelezwa. Itumie mara moja au mbili. Isipoleta nafuu, haitaleta kwa kurudiwa mara kumi.

Usiingize kamwe CD ndogo ya sentimita nane wala yenye umbo lisilo la duara katika redio yenye mwanya, wala usisukume ndani kitambaa kilichozungushiwa kadi. Mambo hayo huanza kama ujanja na kuishia mezani kwa fundi.

Njia ya pili ni kuifungua redio. Hii ni kazi ya mwenye mkono uliotulia na uzoefu wa vifaa vidogo. Gari lizimwe, ufunguo uondolewe, na waya wa upande hasi wa betri utenganishwe. Hata hivyo, kabla ya kuutenganisha, hakikisha kama redio yako huomba nambari ya siri umeme unapokatika. Zipo zinazofanya hivyo, na mwenye gari lililotoka ng'ambo mara nyingi hana nambari hiyo, na kitabu cha maelezo, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Wengi wamefunga betri mpya na papo hapo wakapoteza redio nzima. Fundi mzuri atakuuliza jambo hili kabla hujamwuliza wewe.

Redio ikishafunguliwa, lenzi huonekana kama tone la kioo lenye rangi ya samawati, dogo kuliko punje ya hindi. Mara nyingi ni ya plastiki. Chukua kijiti cha pamba kisafi, kiloweshe kidogo kwa alkoholi safi ya kusafishia vifaa vya elektroniki, na uipanguse bila ya kuikandamiza, kama mtu apangusaye jicho la mtoto. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai kwa kuwa nyingi huongezwa mafuta, nayo huacha utando. Acha ikauke kabla ya kufunga. Usipulize kwa mdomo, maana matone ya mate ni uchafu mpya.

Redio isiwashwe ikiwa wazi huku mtu akiitazama lenzi. Mwanga wa leza hauonekani, na kwa sababu hiyo jicho halitajikinga kwa kupepesa. Kwa kuwa hauumi, anayeutazama huenda asijue alichopoteza.

Usipulizie dawa ya kulainishia kutu wala mafuta ya mashine ndani ya redio. Reli ambazo kichwa cha leza husafiri juu yake zina grisi nyepesi ya kiwandani. Ikikauka, fundi huipangusa na kuweka nyingine kidogo sana. Mafuta ya kupulizia hufika kila mahali, ikiwemo lenzi na mpira unaoivuta CD.

CD iliyokwama

Hapa ndipo mwandishi alipokosea. Kisu, kibano, kadi ya simu na kipande cha msumeno ni marufuku.

Zima gari na usubiri redio ipoe, kwani CD iliyojipinda kwa joto huenda ikanyooka kidogo. Kisha washa umeme na ubonyeze kitufe cha kutolea CD, ukiendelea kukishikilia kwa sekunde kumi hivi. Redio nyingine zina kitundu kidogo cha kuanzisha upya mitambo, kinachobonyezwa kwa ncha ya kalamu. Ikishindikana, na ikiwa redio haiombi nambari ya siri, toa fyuzi yake kwa dakika chache na uirudishe. Mara nyingi mashine hujipanga upya na kuitema CD.

Zikishindwa hatua hizo, redio itolewe na kufunguliwa, CD iondolewe kwa kuachilia vishikizo vyake. Kwa redio zinazomeza CD sita kwa pamoja, usijaribu mwenyewe, kwani mitambo yake imepangwa kwa mfuatano na kijino kimoja kikiruka zote hukwama.

Umeme na fyuzi

Redio isiyowaka kabisa ikaguliwe fyuzi kwanza. Redio nyingi zina fyuzi mbili, moja katika kisanduku cha gari na nyingine mgongoni mwa redio yenyewe. Ikiwa imeungua, weka yenye nambari ileile. Anayeweka kubwa zaidi, au anayeifunga kwa karatasi ya sigara, ameondoa ulinzi pekee uliopo kati ya waya na moto.

Redio inayowaka lakini inasahau saa na stesheni kila gari linapozimwa imekosa ule waya unaoipa umeme wakati wote. Hilo si kosa la mashine ya CD, na kubadilisha redio hakutalitibu.

Ukiwa mbele ya fundi

Wapo mafundi wengi hodari katika karakana za Kisumu, na wapo wanaouza redio kwa jina la kutengeneza. Mwenye gari anaweza kuwatofautisha kwa maswali machache. Je, alijaribu CD nyingine kabla ya kutoa hukumu? Je, anaweza kukuonyesha kilichoharibika? Je, aliuliza kuhusu nambari ya siri?

Mkatalie fundi anayetaka kukaza skrubu ndogo iliyo kando ya leza ili kuiongezea nguvu. Ni kweli kwamba leza iliyochoka huweza kusoma tena kwa muda baada ya hapo, lakini huungua upesi zaidi. Leza ikishachoka, kinachobadilishwa ni kichwa kizima, na kwa redio ya zamani gharama hiyo huenda isistahili. Hapo ni heri kununua redio mpya yenye tundu la flashi na masafa ya FM ya hapa nyumbani.

Nakili kabla hujachelewa

Jambo la mwisho linaizidi redio yenyewe kwa umuhimu. Redio hununuliwa, ilhali sauti ya aliyekufa hainunuliwi. Kila CD ya kuchoma iliyo nyumbani mwako inazeeka, hata ikiwa kabatini, na iliyo ndani ya gari inazeeka kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo, CD isiyo na nakala isipigwe tena garini. Ipeleke kwenye tarakilishi yenye sehemu ya kusomea CD. Tarakilishi nyingi mpya hazina sehemu hiyo, lakini vipo vifaa vya kuchomeka kwa waya, na vibanda vya saiba mjini huenda vikakusaidia. Mara nyingi tarakilishi husoma CD ambayo gari limeikataa, kwa kuwa huweza kurudia mahali pabovu mara nyingi bila ya haraka. Hifadhi sauti katika mfumo usiobanwa, kisha uandae MP3 za kusikiliza. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, mathalani kwako na kwa ndugu yako. CD ya awali irudishe katika kasha lake, isimamishwe wima, mbali na jua.

Ndugu watatu wa ile safari ya Bondo wana nakala sasa, kila mmoja yake. Zote hukatika mahali pamoja, mzee anapoanza kulitaja jina la babu aliyefika Usenge wa kwanza.